Kupima Umeme wa Nyumbani kwa Vihisi: Mwongozo Kamili kwa Nyumba Inayotumia LUKU

Kila anayenunua umeme wa LUKU, ule wa Tanzania unaolipiwa kabla ya kutumika, anajua uniti zake zimeisha lini, lakini ni wachache wanaoweza kueleza ziliishia wapi. Mita huhesabu jumla tu. Haitenganishi uniti iliyoliwa na friji na ile iliyoliwa na pampu iliyoachwa ikisukuma maji kwenye tangi lililokwisha kufurika, wala haimwambii mtu neno lolote wakati mkono wake uko kwenye swichi. Pengo hilo linaweza kuzibwa na vihisi vya nyumbani: soketi janja zinazopima umeme, vibanio vya kupima mkondo kwenye waya mkuu, vihisi vya joto, vya mwendo, vya mlango na vya kina cha maji.

Jambo moja lieleweke kabla ya kununua chochote. Kihisi chenyewe hakipunguzi uniti hata moja. Kinaongeza kidogo, kwa kuwa nacho kinakula umeme. Anayepunguza ni mtu, na mtu hubadili mazoea pale taarifa inapomfikia yeye mwenye kushika swichi, wakati bado ana nafasi ya kuamua, kwa kipimo anachokijali. Kwa hiyo kila kifaa kinachotajwa hapa chini kipimwe kwa swali hilohilo: taarifa yake itamfikia nani, saa ngapi, na ataifanyia nini? Msomaji wa Kenya anayenunua tokeni anaweza kufuata hatua zilezile, akibadilisha bei tu.

Hatua ya kwanza: pata msingi wa kulinganishia

Kwa muda wa wiki mbili, na ikiwezekana mwezi mzima, soma salio la mita kila siku saa ileile na uliandike. Matumizi ya siku ni salio la jana, ongeza uniti zilizoingizwa, toa salio la leo. Hesabu kwa uniti, usihesabu kwa shilingi ulizolipa, kwa sababu tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, na mwezi ambao makato yamepita fedha ileile huleta uniti chache. Anayefuatilia fedha peke yake atadhani matumizi yamepanda.

Pembeni ya kila namba andika neno moja au mawili kuhusu siku hiyo: wageni, umeme ulikatika, kufua, joto kali. Maelezo haya huonekana ya kitoto mpaka siku ya kulinganisha, unapokuta wiki moja imepanda na hakuna anayekumbuka kwa nini. Kwa nyumba zenye kiyoyozi, usilinganishe Februari na Julai ya Dar es Salaam ukadhani umefanikiwa. Hali ya hewa ndiyo iliyokusaidia. Linganisha Februari na Februari, au angalau majuma yenye joto linalokaribiana.

Kisha jua uniti yako ni shilingi ngapi. Kwa bei ya kundi la T1, ambalo nyumba nyingi za mjini zimo, uniti ni shilingi 292, na juu yake huongezwa VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA (wakala wa nishati vijijini) na asilimia 1 ya EWURA (mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji), hivyo mnunuzi hulipa takriban shilingi 356. Kundi la D1, la watumiaji wadogo, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti katika zile 75 za kwanza za mwezi, yaani 122 pamoja na makato, na kila uniti inayozidi hapo ni 350 kabla ya makato. Thibitisha namba hizi kwenye risiti yako, kwa kuwa hesabu zote zinazofuata zinazitegemea. Kwa nyumba ya D1 lengo linajiandika lenyewe: uniti 75 kwa siku 30, yaani 2.5 kwa siku.

Hatua ya pili: isome taa ya mita

Mita tayari ni kihisi, na kizuri. Mbele yake kuna taa ndogo nyekundu inayokonyeza, na karibu nayo pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh, yaani idadi ya mikonyezo kwa kila uniti moja. Chukua simu, pima muda wa mikonyezo kumi, gawanya kwa kumi upate sekunde za mkonyezo mmoja, kisha gawanya 3,600,000 kwa zao la namba ya mita na sekunde hizo. Jibu ni wati zinazotumika nyumbani wakati huo. Kwa mita ya 1000, mikonyezo kumi katika sekunde 90 ni sekunde 9 kwa mkonyezo mmoja, yaani wati 400.

Fanya kipimo hiki usiku, watu wakiwa wamelala, taa zimezimwa na friji imepumzika. Kinachobaki ni umeme unaoliwa na vitu ambavyo hakuna anayevitumia: king'amuzi kilichozimwa kwa rimoti, redio kubwa, chaja, taa ya nje iliyosahaulika. Ukikuta mkonyezo mmoja kila sekunde 36, hizo ni wati 100. Zinaonekana kidogo, lakini ni uniti 2.4 kwa siku na 72 kwa siku 30, karibu kiwango chote cha nafuu cha D1, au zaidi ya shilingi 25,000 kwa bei ya T1. Zima kitu kimoja kimoja huku mtu mwingine akiangalia taa, na mwenye kosa atajulikana kabla hamjanunua kifaa chochote.

Ikiwa mita yako imefungwa juu ya nguzo na ndani mna kile kidude cha kuingizia namba tu, taa hiyo huioni vizuri. Ruka kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: chagua vihisi kwa kufuata ulichokiona

Makosa ya kawaida ni kuanza na taa, kwa sababu taa huonekana. Balbu ya LED ya wati 9 iliyowaka saa tano bila sababu imekula uniti 0.045, ambayo ni shilingi 16. Mzazi anaweza kuwagombeza watoto mwaka mzima kwa ajili ya balbu, ilhali friji ya dukani kwake ina mpira wa mlango uliochakaa na haipumziki. Anza na vinavyopasha joto, vinavyopoza na vinavyosukuma maji.

Soketi janja yenye kupima umeme ndiyo kifaa cha kwanza kwa nyumba nyingi. Chagua yenye pini tatu za bapa zinazoingia kwenye soketi zetu, iliyoandikwa wazi kwamba inapima matumizi (nyingi huwasha na kuzima tu), na inayostahimili ampea 13 au zaidi. Nyingi hutumia Wi-Fi ya 2.4 GHz pekee, hivyo hakikisha ruta yako inatoa mawimbi hayo. Moja au mbili zinatosha, kwa sababu unaweza kuzihamisha: wiki moja kwenye friji, inayofuata kwenye televisheni na king'amuzi, kisha kwenye pasi.

Friji inastahili kukaa na kipimo muda mrefu zaidi. Usiangalie jumla peke yake. Angalia mchoro wa saa 24. Friji isiyo na hitilafu hupanda hadi wati 100 au 150 kompresa ikifanya kazi, hushuka karibu na sifuri, kisha hupanda tena, kama meno ya msumeno. Ikichota wati 120 kwa asilimia 40 ya muda, inatumia takriban uniti 1.15 kwa siku. Sasa tazama kati ya saa nane na saa kumi na moja usiku, wakati hakuna anayefungua mlango. Ikiwa hata hapo kompresa haipumziki, tatizo halitokani na tabia ya watu, na kuwakemea hakutasaidia. Bana karatasi kwenye mlango uone kama inachomoka kirahisi, futa vumbi la mabomba ya nyuma, isogeze mbali na ukuta na jiko, kisha pima tena. Lakini kama usiku inapumzika vizuri na saa za jioni haikomi, hapo kihisi kidogo cha mlango chenye sumaku, kinacholia baada ya dakika moja, kitafanya kazi nzuri kuliko tangazo lolote litakalobandikwa ukutani.

Kibanio cha mkondo hufungwa kwenye waya mkuu unaotoka kwenye mita kwenda kwenye bodi, na hupima nyumba nzima. Kinafaa pale mita isipoonekana, na pale mashine kubwa zilipounganishwa moja kwa moja bila plagi: kiyoyozi, hita ya shawa, pampu. Vipo vya kununua vikiwa tayari, na wenye kupenda ufundi hutumia kipimo kidogo cha umeme cha PZEM-004T pamoja na ESP32, bodi ndogo ya kielektroniki yenye Wi-Fi.

Kwa pampu, kihisi chenye manufaa zaidi hakipimi umeme kabisa. Ni kile cha mawimbi ya sauti kinachowekwa juu ya tangi na kupima umbali hadi kwenye maji, au boya la kawaida lenye swichi. Pampu ya nguvu ya farasi moja huchota kilowati 0.75 na zaidi, na saa moja ya kufurika ni uniti nzima au karibu yake, pamoja na maji yenyewe.

Kihisi cha mwendo nakipendekeza kwa tahadhari. Kile cha infraredi huona tofauti ya joto kati ya mwili na mazingira, na chumba kikifika nyuzi 33 tofauti hiyo hupungua mno. Isitoshe, mtu aliyelala au anayesoma kimya hahesabiwi kuwa yupo. Kinafaa kwenye korido, stoo na taa za uani. Chumbani, ambako kuna kiyoyozi cha kuzimwa, tumia kihisi cha rada kinachogundua hata kupumua, au kihisi cha dirisha na mlango.

Hatua ya nne: funga kwa usalama

Usifungue mita wala lakiri yake; ni mali ya shirika la umeme, na kuichezea ni kosa la jinai. Kila kinachofungwa kiwe upande wa nyumba, baada ya mita, na kazi ya kwenye bodi ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, swichi kuu ikiwa imezimwa. Kibanio kiuzungushie waya wa laivu (ule unaoleta umeme) peke yake. Ukikibana kwenye nyaya mbili kwa pamoja, mikondo hufutana na utasoma sifuri, kosa linalowapotezea hata mafundi wazoefu mchana mzima. Nyumba ya fezi tatu inahitaji vibanio vitatu.

Soketi janja isifungwe kwenye hita ya shawa wala jiko la umeme lenye nguvu kubwa. Ile ya pasi iwekewe mpangilio wa kubaki imezimwa umeme unaporudi baada ya kukatika, kwa sababu soketi nyingi hukumbuka hali ya mwisho na kuwasha zenyewe, na pasi iliyoachwa kifudifudi kwenye nguo haingoji mtu. Ile ya friji iwe kinyume chake: iwake yenyewe, la sivyo nyama itaharibika mkiwa safarini.

Amua pia kumbukumbu zitakaa wapi. Programu ya simu inayokuja na soketi ni rahisi kuanza nayo, lakini huzipeleka kwenye seva za nje na hutegemea bando. Mwenye uwezo wa kujifunza kidogo anaweza kutumia Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani, kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, na kila kitu kikabaki ndani ya nyumba, hata intaneti isipokuwepo. Ila hiyo nayo hula wati tatu hadi tano mfululizo, yaani uniti 26 hadi 44 kwa mwaka, na kila soketi janja inayokula wati moja inaongeza karibu uniti 9. Nyumba yenye soketi kumi za namna hiyo inatumia zaidi ya shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kujipima.

Hatua ya tano: igeuze namba kuwa taarifa mahali pa uamuzi

Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Mwenye nyumba hufunga vifaa, huangalia michoro kwa wiki mbili, huwatumia wenzake picha za skrini, kisha kila kitu kinanyamaza. Michoro iko kwenye simu yake, na mwenye kuwasha birika ni mtu mwingine.

Utafiti unaunga mkono jambo hili. Mwaka 2006 Sarah Darby wa Chuo Kikuu cha Oxford alipitia tafiti nyingi za aina hii akaona kwamba taarifa inayopatikana papo hapo, kwenye mita au skrini iliyo karibu, hupunguza matumizi kwa asilimia 5 hadi 15, wakati ile inayokuja baadaye, kwa mfano kwenye ankara, huishia kati ya 0 na 10. Huko Uswisi, Verena Tiefenbeck na wenzake walifunga bafuni kipimo kidogo kilichoonyesha matumizi wakati mtu anaoga, na katika matokeo waliyoyachapisha 2018 nishati ya kuogea ilipungua kwa asilimia 22. Hakuna aliyehubiriwa. Mtu aliona namba ikipanda huku maji yakimmwagikia.

Kwa nyumba yetu, tafsiri ya matokeo hayo ni nyepesi. Hita ya shawa ya wati 4,500 ikitumika dakika kumi inakula uniti 0.75, karibu shilingi 267 kwa kuoga mara moja. Weka taa ndogo nje ya bafu inayogeuka kutoka kijani kuwa ya machungwa baada ya dakika nne, ikiendeshwa na kibanio kilicho kwenye waya wa hita. Birika la lita 1.7 likichemshwa likiwa limejaa hutumia takriban uniti 0.16, shilingi 57, ilhali kikombe kimoja hakifiki 10. Bandika namba hizo mbili kwenye birika lenyewe, kando ya alama ya maji. Birika ni fedha ndogo, nakubali, lakini linawashwa na kila mtu kila siku, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kujizoeza kuangalia.

Chagua kipimo ambacho familia tayari inakijadili. Wati hazimgusi mtu. Uniti zinagusa kiasi, shilingi zaidi, na kinachogusa kuliko vyote ni siku: "Kwa mwendo wa leo LUKU itaisha Alhamisi." Ujumbe mmoja wa namna hiyo kwenye kundi la WhatsApp la familia, saa moja jioni kabla ya matumizi makubwa kuanza, unatosha. Ujumbe ukiwa mwingi watu huuzima, na wana haki. Weka tahadhari kwa mambo matatu tu: dirisha limeachwa wazi kiyoyozi kikifanya kazi, tangi limejaa na pampu bado inazunguka, na, kwa nyumba ya D1, uniti 60 zimetimia kabla ya tarehe 24.

Hatua ya sita: ongea na watu kabla ya kuwapima

Kumbukumbu za umeme zinasema mengi: nani ameamka saa ngapi, nani hakulala nyumbani, dada wa kazi alipumzika lini. Wote wanaoishi humo waambiwe nini kinapimwa na nani anaona. Kihisi kikigeuzwa kuwa shahidi wa mashitaka, watu hukizunguka. Soketi itachomolewa na pasi itahamia kwenye chumba kingine.

Afadhali mwenye kazi apewe namba na uamuzi pia. Pasi ya wati 1,000 inayowashwa kila asubuhi kwa shati moja hulipia kupashwa joto upya kila mara. Ukimwonyesha dada mchoro wa wiki na kumwuliza siku gani inamfaa kunyoosha nguo zote kwa mkupuo, atapanga mwenyewe, na mpango wake utadumu kuliko amri. Mkubaliane vilevile sehemu ya fedha iliyookolewa iende wapi, na iwe jambo linaloonekana na wote.

Nyumba ya wapangaji wanaochangia LUKU moja ni mgogoro wa kudumu, kwa kuwa mchango hugawanywa kwa vichwa na mwenye friji hulipa sawa na mwenye balbu mbili. Kwa hali hiyo vihisi vya mwendo na soketi janja si dawa. Fungeni mita ndogo kwa kila chumba, kila mtu aisome ya kwake mlangoni, na gharama igawanywe kwa uniti. Mwenye nyumba aone jumla ya siku au ya wiki, asione ya dakika kwa dakika. Hahitaji kujua mpangaji alitoka saa ngapi.

Kuwalinganisha watu nako kuna hatari. Huko San Marcos, California, Wesley Schultz na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba nyumba zilizoambiwa zinatumia chini ya wastani wa majirani ziliongeza matumizi, mpaka taarifa hiyo ilipoambatana na alama ndogo ya uso unaotabasamu. Kwa hiyo chumba kinachotumia kidogo kisiachiwe namba kavu ya wastani. Kipewe neno la pongezi waziwazi.

Hatua ya saba: tenganisha tabia na mashine, kisha punguza vihisi

Baada ya miezi miwili, pitia orodha ya mambo mliyoyabaini na uyagawe. Yanayojirudia bila kuhitaji busara ya mtu yaachiwe mashine: boya lizime pampu, fotoseli (kihisi cha mwanga) izime taa za nje kunapokucha, saa ya kuhesabu izime king'amuzi na televisheni usiku wa manane. Yanayohitaji uamuzi, kama nyuzi za kiyoyozi, siku ya pasi na maji ya birika, yabaki kwa watu, na taarifa iendelee kuwafikia.

Soketi iliyokwisha kutoa jibu iondolewe. Friji ikishatengenezwa na mchoro wake ukatulia, haina haja ya kupimwa kila sekunde. Soketi yake ihamishie mahali pengine au umwazime jirani. Kibanio cha nyumba nzima kibaki, na usomaji wa salio mara moja kwa wiki uendelee, kwa sababu betri za vihisi huisha na Wi-Fi hupotea bila kuaga. Kibanio kikileta namba inayotofautiana na mita kwa zaidi ya asilimia chache, iamini mita, kisha ukague kibanio kama kimefunga vizuri. Na kila kifaa kipya kinapoingia nyumbani, hasa friza ya biashara au kiyoyozi, kipimwe wiki yake ya kwanza, kabla risiti ya dukani haijapotea na muda wa kukirudisha haujapita.